Nina njaa ni j'ai faim: kwa nini Kifaransa tunakipitisha kwenye Kiingereza?

#1 muongoza_watalii (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, jambo lenyewe limenikaa rohoni muda mrefu.

Mimi ni Msukuma, mzaliwa wa Maswa. Nyumbani Kisukuma, shule ya msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Nilipokuja Arusha kutafuta maisha nikajiunga na darasa la Kifaransa, maana muongoza watalii mwenye Kifaransa msimu ukifika hakai benchi. Kwa hiyo kwangu Kifaransa ni lugha ya nne. Huu ni mwaka wa 11 nawazungusha wageni wa Ufaransa, Ubelgiji na Quebec kule Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na Jumamosi nisipokuwa porini nafundisha vijana wachache wanaotaka kuingia kwenye kazi hii.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliandika ubaoni: Je suis faim. Nikamuuliza umeitoa wapi. Akanijibu bila wasiwasi: "I am ni je suis, hungry ni faim." Nikamwambia hebu sema kwa Kiswahili. "Nina njaa." Nina ni nini kwa Kifaransa? "J'ai." Njaa? "Faim." Akanyamaza, akageuka ubaoni, akafuta suis mwenyewe.

Darasa zima likaanza kutafuta mengine. Nina kiu, j'ai soif. Nina usingizi, j'ai sommeil. Nina hofu, j'ai peur. Nina bahati, j'ai de la chance. Nina haja ya maji, j'ai besoin d'eau. Nina miaka 20, j'ai 20 ans. Yote hayo Mwingereza anayasema kwa njia nyingine, na sisi tulikuwa tunatoka kwenye Kiswahili, tunazunguka hadi kwenye Kiingereza, halafu ndiyo tunarudi Kifaransa tukiwa tumepotea.

Naomba niwaonyeshe sehemu nyingine tatu, kisha niulize swali langu.

Kwanza, yule anayetendwa. Nakupenda: na, ku, penda. Je t'aime: je, t', aime. Mpangilio ni ule ule, mpendwa yuko katikati, kabla ya kitendo. Namwona, je le vois. Wananisubiri, ils m'attendent. Anajiosha, il se lave. Mwanafunzi aliyepita kwenye I love you anakuja na "j'aime toi", na utamsahihisha mwezi mzima. Mwambie mara moja tu kwamba t' ni ile ku ya nakupenda, uone sura yake inavyobadilika.

Pili, sifa. Gari jekundu, une voiture rouge. Jina mbele, sifa nyuma, na sifa inafuata jina lake. Watoto wadogo wamefika: wa, wa, wa. Les petits enfants sont arrivés, kila neno limebeba alama ya wingi. (Petit, grand, beau, bon na wenzake wachache hukaa mbele ya jina, hao mtu anawakariri.) Kwenye Kiingereza small haibadiliki, awe mtoto mmoja au mia. Sisi upatanisho wa kisarufi tumenyonya na maziwa ya mama, halafu tunafundishwa kana kwamba ni kitu kigeni kutoka Paris.

Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi: umiliki. Kitabu chake, nyumba yake, gari lake. Cha, ya, la vinafuata nini? Vinafuata kitu kinachomilikiwa. Mwenye kitabu awe mwanamume au mwanamke, kitabu kinabaki chake. Kifaransa ni hivyo hivyo: son livre, sa maison, kitabu na nyumba ndivyo vinavyoamua. Kiingereza ndicho kinachomtazama mwenye mali, his au her. Nimeona watu wa miaka mitatu darasani bado wanasema "sa livre" kwa sababu mwenye kitabu ni mama. Hilo kosa si la Mswahili. Ni la Kiingereza alichokibeba mgongoni.

Na hatari haiishii kwenye sarufi. Msimu wangu wa kwanza niliwasindikiza uwanja wa ndege wageni wazee, mke na mume, watu waliokuwa wamenitendea wema mwingi. Nikataka kuwaombea baraka. Neno la kubariki sikuwa nalo, nikachukua bless nikalivalisha Kifaransa: Que Dieu vous blesse. Blesser ni kujeruhi. Nilisimama pale nimewashika mikono wazee wa watu nikimwomba Mungu awajeruhi. Yule mama alinielewa, akanifundisha palepale: bénir, que Dieu vous bénisse. Sijalisahau neno hilo, na mpaka leo likinijia najisikia vibaya.

Sasa swali: kuna mwingine ameliona hili kwenye lugha nyingine? Na kwa nini akili inakimbilia Kiingereza wakati Kiswahili kiko karibu?

#2 mwalimu_wa_zamu

Mkuu, nimekusoma ila nina pingamizi. Nimefundisha Kifaransa sekondari. Kiingereza kinatupa msamiati ambao Kiswahili hakiwezi kuutoa. Mwanafunzi anayejua information, nation, animal, forest, mountain anaingia darasani na mamia ya maneno mfukoni. Na Kiswahili nacho kinaharibu. Yeye wetu hana jinsia, ndiyo maana mwanafunzi anaandika "ma mère, il est malade". Hilo nalo tumlaumu Mwingereza?

#3 muongoza_watalii (mleta uzi)

Mwalimu, hapo una haki kabisa. Il ya mwanamume na elle ya mwanamke vinatusumbua kwa sababu ya yeye, kama he na she vinavyotusumbua kwenye Kiingereza. Na msamiati ni kweli, hata porini: éléphant, girafe, zèbre, lion, léopard, hyène, vyote nilivipata bure. Vilivyonitoa jasho ni guépard ambaye ni duma, gnou ambaye ni nyumbu, na phacochère, ngiri.

Sikatai Kiingereza. Nasema tukitumie kwenye maneno, tena kwa tahadhari, maana librairie ni duka la vitabu, attendre ni kusubiri, rester ni kubaki. Kwenye mpangilio wa sentensi tuanze kuuliza Kiswahili.

#4 isimu_na_maisha

Mleta uzi umegusa fani yangu. Swali lako la kwa nini limechunguzwa, ingawa si kwa Kifaransa cha Arusha.

Mwaka 1998 wanaisimu Sarah Williams na Björn Hammarberg walichapisha uchunguzi uliomhusu Williams mwenyewe. Lugha yake ya kuzaliwa ni Kiingereza, Kijerumani alikuwa anakimudu vizuri sana, kisha akahamia Uswidi akaanza kujifunza Kiswidi. Mazungumzo yake yakarekodiwa kwa karibu miaka miwili. Alipokwama akataka kuuliza jina la kitu, aliuliza kwa Kiingereza. Lakini alipojaribu kuunda neno la Kiswidi asilolijua, malighafi aliichota kwenye Kijerumani. Yaani lugha mbili alizokuwa nazo ziligawana kazi, na ile aliyojifunza ukubwani ndiyo iliyokuwa ghala.

Halafu mwaka 2007 Camilla Bardel na Ylva Falk wakaonyesha kwamba hata kwenye sarufi, mahali pa kuweka neno la kukanusha, lugha ya pili inaweza kuiziba njia lugha ya kwanza. Ukiwa unajifunza lugha ya kigeni, akili hufungua lile kabati la "lugha za kujifunza". Lugha ya mama haimo humo, yenyewe imo damuni.

Jason Rothman ana hoja tofauti: kinachoamua ni mfanano. Akili inapima mapema ni ipi kati ya lugha zako inafanana zaidi na mpya, kisha inaibeba hiyo kama ilivyo. Na mwaka 2017 Marit Westergaard na wenzake, waliowachunguza vijana wa Kinorwe na Kirusi wanaosoma Kiingereza, wakasema hakuna kubeba lugha nzima. Kila kipengele kinaweza kuchukuliwa kutoka popote kinapofanana.

Ukiniuliza mimi, mwanafunzi wako wa Je suis faim amevutwa na kamba mbili kwa wakati mmoja. Kiingereza ndicho kimejaa kwenye kabati lake la lugha za kujifunza, na pia maneno yake yanafanana na ya Kifaransa, kwa hiyo akili ikahukumu kwa sura: hizi ni ndugu. Ikamkosa ndugu wa sarufi aliyekaa nyumbani. Wewe darasani umefanya kwa makusudi kile ambacho Westergaard anasema kinawezekana, umechambua kipengele kimoja kimoja.

Niongeze Finland. Håkan Ringbom aliwalinganisha Wafini ambao lugha yao ya mama ni Kifini na wale ambao lugha yao ni Kiswidi, wote wakisoma Kiingereza. Wenye Kiswidi walikuwa na wepesi, maana Kiswidi na Kiingereza ni jamii moja. Kinachovutia ni hawa wa Kifini: shuleni wamesoma Kiswidi, na neno la Kiingereza likiwapotea, wengi huliazima kwenye Kiswidi kuliko kwenye Kifini chao cha nyumbani. Wanajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba Kifini kiko mbali mno. Yule kijana wako naye alikuwa na hisia kama hiyo kuhusu Kiswahili. Tofauti ni kwamba kwenye njaa na umiliki hisia yake ilimdanganya.

#5 wa_Karatu

Naomba nami nichangie. Mimi ni Mwiraqw, nafanya kazi hiyo hiyo ya kuongoza watalii. Kiiraqw si Kibantu, ni jamii ya Kikushi, na majina yetu yana jinsia. Siku ya kwanza ya Kifaransa mwalimu alituambia: "Jambo hili la majina ya kiume, le, na ya kike, la, ninyi Waafrika hamna pa kulifananishia." Nikaamini. Nilikaa miaka miwili nikikariri kama kasuku, mpaka mdogo wangu anayesoma chuo akaniambia kwamba lugha ya mama yetu ina jinsia ya kiume, ya kike na nyingine ya tatu. Niliumia. Nilikuwa nayo tangu kuzaliwa na hakuna aliyeniambia ni mali.

Na kuna lingine. Nilijifunza Kiarabu kidogo kwa mwenzangu Mzanzibari. Ile ain na ile ha ya kooni zinazowatesa Waswahili wengi, mimi nilizitamka siku ya kwanza, akashangaa. Kiiraqw kinazo zote mbili. Ha hiyo tunaiandika hh, na ain tunaiandika kwa mstari wa mshazari.

#6 muongoza_watalii (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Karatu, pole na asante. Hicho ndicho kinachoniuma. Jinsia za Kiiraqw hazitakuambia meza ni la au le, hilo utakariri kama sisi wote, lakini lile wazo kwamba kila jina lina ukoo wake na maneno mengine yanaufuata, ulikuwa nalo. Hata sisi tunalo kupitia ngeli.

Kisukuma nacho kilinifaa kwenye sikio. Kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Naamini ndiyo sababu é na è hazikunipa shida kama wenzangu waliokulia Kiswahili peke yake. Ila kwenye u ya Kifaransa hakuna lugha iliyonisaidia. Dessus ni juu, dessous ni chini, na tofauti yote iko kwenye u hiyo. Jaribu kumwonyesha mgeni chui aliye juu ya tawi huku ukisema yuko chini yake. Wanageuza darubini majanini, chui anaondoka.

#7 nesi_mtarajiwa

Hamjambo nyote. Natoka Murang'a, nyumbani tunaongea Gĩkũyũ, sasa niko Nairobi nasoma Kijerumani ili niende kusomea unesi huko. Tangu Kenya na Ujerumani watie saini makubaliano ya Septemba 2024, darasa letu limejaa vijana wa kila kabila.

Yote mnayosema ninayaishi. Mwalimu aliniuliza nataka kuwa nani. Nikamjibu "Ich bekomme Krankenschwester", kwa sababu ya become. Bekommen ni kupata. Nilimwambia napata nesi. Na wo ni wapi, wer ni nani. Wiki za kwanza nikisikia wo nilitaja jina la mtu kwa vile sikio lilisikia who.

Lakini mleta uzi, baada ya kusoma post yako ya kwanza nilichukua daftari nikaangalia. Ich habe Hunger, nina njaa. Ich habe Durst, nina kiu. Ich habe Angst, nina hofu. Iko! Umri tu ndio umekataa, Mjerumani anasema ich bin 24 Jahre alt kama Mwingereza.

Na nimeona ingine. Kijerumani ukianza na siku, kitendo kinakuja kabla ya mtu: Gestern kam ein Gast. Sisi husema "Jana alikuja mgeni". Kiingereza kinakataa, ni yesterday a guest came. Nimepoteza alama nyingi kwa kuandika "Heute ich arbeite", na hakuna siku niliwaza kuuliza Kiswahili.

#8 isimu_na_maisha

Dada, hongera, huo wa mgeni ni mfano mzuri sana. Angalia tu mpaka wake: Kijerumani kinalazimisha mpangilio huo kila wakati, hata mtu akiwa ich (mimi) au du (wewe), Kiswahili kinauruhusu tu. Tumia "jana alikuja mgeni" kama mlango wa kuingilia, ukishaingia fuata sheria za mwenye nyumba.

#9 wa_Bukavu

Jambo kwenu wote. Miye ni mutu wa Bukavu, lugha ya mama ni Mashi, kisha Kiswahili, na masomo yote nimeyafanya kwa Kifaransa. Sasa niko Kampala, Kiingereza njo kinanitesa. Mnachosema ninyi, kwangu kiko kinyume. Nasema "I have 30 years". Nasema "I have hunger". Mwalimu ananikosoa kila siku na kila siku inarudi. Leo njo nimeelewa sababu: Kiswahili kinasema nina, Kifaransa kinasema j'ai, zote mbili zinanisukuma upande mmoja. Kiingereza kiko peke yake. Namna gani nitaishinda?

Na maneno pia. Nilimwambia rafiki "I assisted the wedding", akaniuliza nilisaidia kupika ao kupanga viti. Assister à kwetu ni kuhudhuria.

#10 muongoza_watalii (mleta uzi)

Kaka wa Bukavu, umenifungua. Sikuwahi kufikiria kwamba lugha mbili zikikubaliana kosa linakuwa sugu. Ushauri wangu ni ule ninaowapa vijana: daftari lenye safu tatu. Safu ya kwanza sentensi ya lugha mpya, ya pili Kiswahili chake, ya tatu ile lugha yako nyingine ya shule. Chini yake unaandika "sawa" kwenye safu inayofanana na mpya. Kwako kwenye umri na njaa safu zote mbili hazitakuwa na "sawa", basi hapo weka nyota nyekundu. Ukijua kwamba hapo hakuna lugha yako yoyote inayokusaidia, unapunguza mwendo kabla ya kufungua kinywa.

#11 kijana_wa_Mvita

Uzi huu umenileta. Mimi ni wa Mombasa, nimejifunza Kichina kazini wakati wa ujenzi wa reli mpya, ile iliyozinduliwa 2017. Wenzangu kutoka bara walishindwa kutofautisha bao na pao. Wo bao le ni nimeshiba. Wo pao le ni nimekimbia. Toni ni ile ile, kinachotofautisha ni pumzi tu: pao ina pumzi, bao haina, na hiyo b yao si b yetu hata kidogo. Duzi ni tumbo, tuzi ni sungura, vivyo hivyo.

Mimi nilisikia tangu siku ya kwanza. Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kina pumzi hiyo. Paa la nyumba halina pumzi, paa mnyama ana pumzi. Kaa la moto halina, kaa wa baharini anayo. Bibi yangu alikuwa akitusahihisha tukikosea. Kiswahili sanifu hakiandiki tofauti hiyo, na shuleni tukifundishwa tuiache, kwamba ni lafudhi ya kizamani. Ndiyo iliyonipa kazi.

#12 mzaliwa_wa_Temeke

Nimesoma kuanzia mwanzo. Mimi sina kabila la nyumbani, wazazi walitoka sehemu tofauti, nimekua na Kiswahili peke yake, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nimeanza Kifaransa miezi miwili iliyopita. Nilidhani Kiingereza kibovu kitaniangusha. Mkuu, naomba unieleze il y a, nimeambiwa ni there is na there are lakini sijui lini ipi.

#13 muongoza_watalii (mleta uzi)

Mdogo wangu, achana na is na are, hapo zinakuchanganya bure. Il y a ni kuna. Kuna simba mmoja, kuna simba watano. Je, kuna imebadilika? Haijabadilika. Il y a un lion, il y a cinq lions. Haibadiliki nayo.

Sasa niandikie sentensi tatu: kuna chui mtini, mama yangu ana hofu, namwona.

#14 mzaliwa_wa_Temeke

Il y a un léopard dans l'arbre. Ma mère a peur. Je la vois.

#15 muongoza_watalii (mleta uzi)

Sahihi zote tatu. Hukuandika "est peur", na la umeiweka mahali pake. Sasa mtoe mama, muweke baba.

#16 mzaliwa_wa_Temeke

Mon père a peur. Je le vois.

#17 muongoza_watalii (mleta uzi)

Sahihi. Umeona: namwona ni ile ile, awe mama awe baba. Mahali pa kuweka neno umepewa na Kiswahili, kuchagua le au la utajifunza mwenyewe. Jumamosi saa 4 asubuhi nakuwa hewani na vijana, nitakutumia kiungo. Uje na daftari la safu tatu.